Mkono wa Kulia Umepunjwa

Saluni nzima walimwita Vidole, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja kwa kasi yake ya kusuka: unakaa kitini, unaanza kumsimulia visa vya mumeo, na kabla hujafika kwenye kosa lenyewe kichwa kimekwisha. Lakini mwaka ule vidole vyenyewe ndivyo vilivyomgeuka. Pumu ya ngozi ilimshika mikono yote miwili, ikampasua kwenye viungo, ikawasha, ikatoa maji, na wateja wakaanza kuuliza kwa ule upole wa kuudhi, "Leo yule dada mwingine hayupo?"

Mwenye saluni hakuzunguka mbuyu. "Mwenzangu, nakupenda, lakini watu wanakimbia. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Mikono isipopona, kiti namkalisha mtu mwingine."

Miaka kumi na moja alikuwa amesimama nyuma ya kiti kile. Kazi nyingine hakuijua, na hakutaka kuijua.

Sasa, huyu Vidole alikuwa na ila moja, na tuiseme mapema tusije tukalaumiana: alikuwa mwanamke wa kushuku. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoa mkono dirishani ahakikishe. Ukimletea zawadi, anataka kujua kwanza nani mwingine aliikataa. Mumewe alishazoea, ila wifi yake, dada wa mume, hakukubali kuzoea, na kumtania ilikuwa haki yake.

Wifi huyo alikuwa mfanya usafi kwenye kituo cha utafiti wa dawa, jengo lenye ukumbi mrefu na milango iliyopangana: mlango wa presha, wa kisukari, wa pumu, na mwisho kabisa mlango wa ngozi. Ndiye aliyeleta habari kwamba wanatafutwa watu wenye mikono ya namna hiyo.

"Yaani nikajaribiwe kama panya?"

"Panya haulizwi, wifi. Wewe utaulizwa, tena utasaini. Na kwa maswali yako hayo, watajuta kukuita."

Akaenda, shingo upande. Muuguzi wa mlango wa ngozi, mwanamke mpole mwenye miwani inayoteleza puani, alimsomea fomu ya ridhaa ukurasa kwa ukurasa. Kisha akaweka tyubu mbili mezani.

"Hii yenye mstari mwekundu ni ya mkono wa kulia. Ya bluu ni ya kushoto. Moja ina dawa mpya, nyingine ni mafuta matupu. Baadaye tutalinganisha."

"Ipi ndiyo dawa, Sista?"

"Hatujui."

"Hamjui nani na nani?"

"Mimi sijui na daktari hajui. Imeandikwa kwenye bahasha iliyofungwa, na haifunguliwi ila kwa dharura. Tukijua mapema, macho yetu yataanza kupendelea."

"Makubwa haya! Mpishi hajui alichopika, mlaji ndiye atakayejua?"

Muuguzi alicheka. Vidole hakuwa ametania. Alimtazama akiziweka tyubu kwenye mzani mdogo na kuandika uzito wake, akaambiwa zitapimwa kila atakaporudi, ili ijulikane amepaka kiasi gani. Akaambiwa pia kazini avae glavu mikono yote miwili.

Alivaa moja. Mkono wa kushoto kazi yake ni kushika nywele tu, ukiuvika mpira haudhuriki. Wa kulia ndio unaopaka kemikali ya kulainisha nywele, na ndio unaosikia ngozi ya kichwa ikianza kupata moto kabla mteja hajapiga yowe. Huo huwezi kuuziba. Muuguzi hakumwambia, kwa kuwa muuguzi hakuuliza.

Wiki ya tatu ilipokwisha, mkono wa kushoto ulikuwa umelainika, safi, kama haujawahi kuumwa. Wa kulia mipasuko ilikuwa imejifunga, lakini ngozi bado nyekundu, bado inawasha. Vidole aliiweka mikono yote miwili juu ya mapaja, akaitazama kwa zamu, na damu ikamchemka. Wamempa dawa mkono usiofanya kazi! Mkono wa riziki wameupaka mafuta matupu, na siku zinakwenda.

Akamvizia wifi yake jikoni.

"Wewe unadeki chumba kile. Tyubu za bluu zinakaa wapi?"

"Kabatini."

"Na nyekundu?"

"Kabati lilelile, wifi. Ulitaka ziwe na walinzi?"

"Linafungwa kwa funguo?"

"Linafungwa."

"Ahaa. Mtu hafungii mafuta matupu. Na yule muuguzi, juzi alipouona mkono wangu wa kushoto, alitabasamu. Anajua yule."

"Alitabasamu kwa sababu umepona! Loh, wewe ukifika peponi utaomba kuona risiti."

Lakini Vidole alikwisha kukata shauri. Kuanzia jioni ile tyubu ya bluu ikapaka mikono yote miwili. Likabaki suala la mzani. Bluu ingekuwa nyepesi, nyekundu nzito, na siri ingetoka. Basi kila alipomaliza kupaka, alisimama mbele ya sinki la jikoni, akaiminya ile nyekundu mpaka zote mbili ziwe sawa mkononi, akafungulia maji. Alijisifu kimoyomoyo. Akili ni nywele, na yeye nywele ndiyo kazi yake.

Alipokwenda kupimwa, mzani ukakubali: tyubu zilitofautiana kwa chembe tu. Muuguzi akashangaa jambo moja.

"Unatumia nyingi sana, mama. Zote mbili."

"Mikono yangu mikubwa, Sista."

Muuguzi akaandika, akampa tyubu mpya. Vidole akatoka akijiona mshindi.

Siku ya kumi tangu abadilishe, mkono wa kulia ukalipuka. Siyo kuwasha, kulipuka. Malengelenge yalijaa usiku mmoja, na mchana, alipokuwa akimwosha nywele mteja, moja likapasuka. Mteja aliona kwenye kioo. Aliruka kitini na povu kichwani, akapiga kelele mpaka wauza viatu wa jirani wakaja mlangoni. Mwenye saluni akamfunga Vidole taulo mkononi yeye mwenyewe, taratibu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nenda nyumbani, mwenzangu. Usirudi hivi."

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kituoni na hasira zake zote, taulo mkononi, na mgonjwa wa presha aliyekuwa mlangoni akampisha bila kuombwa.

"Mmenifanya nini?"

Muuguzi alipofungua taulo, uso ulimbadilika. Alimwita daktari. Daktari, kijana mwembamba aliyeongea haraka, akaugeuza mkono huku na huku, akauliza: tyubu nyekundu amekuwa akipaka wapi?

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili. Akisema kweli, anatolewa kwenye utafiti, maana fomu ilisema hivyo na alisaini. Akisema uongo, watamtibu. Tena kwa nini awaambie kweli watu waliomficha?

"Mkono wa kulia. Kama mlivyoniagiza."

Muuguzi akazitoa tyubu kwenye mkoba wa Vidole, alikozibeba kila siku, akaziweka mzanini. Sawasawa. Daktari akasema hii sasa ni dharura, akafungua kabati, akaitoa bahasha, akaichana pembeni. Alisoma, kisha akasema, "Nyekundu ndiyo dawa."

Vidole alisikia masikio yakivuma.

"Umepaka nyingi kupita kiasi, na imekuunguza," daktari akaendelea. "Afadhali tumegundua. Sista, simamisha wote, mpaka wakubwa waichunguze. Chukua tyubu za kila atakayekuja leo."

Walimsafisha mkono, wakamfunga bendeji, wakamwambia akae ukumbini apumzike. Alikaa. Kichwani alikuwa akijitetea kwa nguvu: mkono wa kushoto je, si ulipona kwa mafuta matupu? Ulipona kwa nini? Na jibu likaja lenyewe, bila kubisha hodi. Ulipona kwa sababu ulikuwa ndani ya glavu. Ule wa kulia ulikuwa ukizama kwenye kemikali kila siku, na bado mipasuko ilikuwa imejifunga. Ile dawa ilikuwa ikimpigania, naye akaimwaga.

Kwenye benchi lilelile alikuwa amekaa mzee mmoja, dobi, mwenye mfuko wa plastiki magotini. Muuguzi alimwita. Alipotoka, mfuko ulikuwa mtupu. Akakaa tena, kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

"Wamechukua," alisema. "Wanasema imemuunguza mtu." Akafunga ngumi ya mkono wa kulia, akaifungua, akaifunga. "Miezi minane sikuweza hivi. Nguo nilikuwa nakamua kwa viwiko." Ndipo akaiona ile bendeji. "Ni wewe, mwanangu?"

Vidole akatikisa kichwa kukubali.

"Pole sana. Basi nashukuru wameichukua. Afadhali mikono yangu irudi ilivyokuwa kuliko mtu mwingine aungue hivyo."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Vidole aliona aibu, aibu ya kweli. Alinyanyuka akarudi chumbani bila hodi, akasema yote kwa pumzi moja: bluu mikono yote miwili, nyekundu sinkini, glavu moja.

Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaivua miwani, akamtazama, na mtazamo ule Vidole aliujua vizuri, kwa kuwa ulikuwa wake.

"Mama, saa moja iliyopita ulisema umepaka. Sasa unasema hukupaka. Nimwamini yupi?"

"Huyu wa sasa, Sista."

"Mzani unamwamini yule wa kwanza. Na huyu wa sasa amekwisha kusikia kwamba nyekundu ndiyo dawa, labda anataka arudishiwe. Mimi siwezi kuandika maneno matupu."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Wewe mwenyewe ndiye unayesema hivyo."

Alitoka akamkuta wifi yake na ndoo ya kudekia, akamshika mkono wakaenda nyumbani, akimsimulia njiani. Sinki lilikuwa limeanza kupitisha maji polepole tangu juma lile, na mume alikuwa akilaumu mafuta ya kupikia. Vidole akapiga magoti, akalifungua bomba la chini kwa mkono wa kushoto, pale linapojipinda. Lilitoka zima. Ndani kulikuwa na donge jeupe, zito, limeganda na nywele na uchafu, na ukingoni bado likinukia harufu ya tyubu nyekundu.

Wakalifunga kwenye mfuko, wakarudi. Ukumbi mzima ulinusa na kugeuka. Vidole akaliweka bomba mezani kwa muuguzi, juu ya karatasi zake.

Muuguzi alichungulia. Akachota kidogo kwa kijiti, akainua kwenye mwanga, akanusa. Akamwita daktari. Walinong'ona, wakachota kingine wakatia kwenye chupa, wakapiga simu. Mwishoni daktari akatoka ukumbini, na Vidole akamsikia akisema, "Mzee, usiondoke. Tunaisubiri maabara, lakini nadhani kesho utarudishiwa zako."

"Sasa unaniamini, Sista?"

"Nakuamini." Muuguzi alikuwa akichora mstari juu ya namba ya Vidole daftarini. "Lakini wewe umetoka, mama. Umedanganya, na sasa umejua ipi ni ipi. Siwezi kukurudisha."

"Nitainunua basi. Niambie tu duka."

"Haipo dukani. Ndiyo kwanza inajaribiwa. Ikifaulu, labda miaka miwili, labda mitatu. Tutakutibu kwa dawa za kawaida."

"Zile nilizotumia zikashindwa?"

Muuguzi alilirudisha bomba mfukoni, akausogeza mfuko upande wa Vidole. Vidole akautazama. Dawa yote aliyoimwaga ilikuwa humo, miligramu kwa miligramu, na mkono wake wa kushoto ulikwisha kuanza kuingia mfukoni kabla muuguzi hajamkamata kiwiko.

"Usithubutu," akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Ni uchafu sasa."

Nje, wifi alimpokea mzigo akaubeba yeye. Walikwenda mpaka kona ya saluni, ambako mtu mwingine alikuwa amesimama nyuma ya kiti kile cha miaka kumi na moja, akisuka taratibu. Vidole alisimama dirishani akamtazama yule mgeni muda mrefu. Alitafuta wa kumshuku: mwenye saluni, muuguzi, daktari, hata wifi yake. Hakumpata.