Mwambie Askofu

Tangu ile Jumapili ya pudingi, Hilda Sugden hakuwa amemwambia mumewe neno hata moja uso kwa uso. Usidhani nyumba ilikuwa kimya. Maneno yalikuwepo tele, tena mengine makali kuliko pilipili, ila yote yalipitia kwa Askofu.

"Askofu, mwambie huyo mzee chai yake inapoa."

Na Clifford, aliyekuwa ameketi karibu na birika kiasi cha kuweza kulishika, alijibu: "Askofu, mwambie bibi yako nimesikia. Nimezeeka magoti, masikio bado."

Askofu alikuwa kicheche. Kicheche wa kufugwa, mrefu na mwembamba kama soksi iliyojazwa mchanga, wa jamii ile ambayo wanaume wa mji wao wa Ackenshaw tangu enzi za mababu huwatia kwenye mashimo ya sungura ili sungura watoke mbio na kuishia wavuni. Jina alilipata kwa sababu ya manyoya meupe yaliyomzunguka shingoni kama kola ya mtu wa kanisa, maana tabia zake hazikuwa na utakatifu wowote. Mambo ya sungura yalikuwa yamekwisha siku nyingi, kwani Clifford alipostaafu mgodini, magoti yake nayo yalistaafu. Siku hizi kazi ya Askofu ilikuwa kulala kwenye kisanduku chake kando ya jiko, kuiba soksi, na kupeleka ujumbe kati ya watu wawili waliokula meza moja na kulala kitanda kimoja.

Na hiyo Jumapili ya pudingi yenyewe ilikuwa hivi. Pale Ackenshaw mwanamke anaweza kuunguza nyama akasamehewa. Lakini ile pudingi ya unga, mayai na maziwa, inayookwa ndani ya mafuta yanayochemka na kuliwa na rojo, sharti iumuke. Siku ile pudingi ya Hilda ililala chali. Clifford, mbele ya dada wa Hilda aliyekuja kutembea, akaidunga kwa uma na kusema, "Za mama zilikuwa zikisimama kama kofia ya polisi." Hilda akaweka kijiko chini taratibu. Akamgeukia Askofu aliyekuwa chini ya meza, akasema, "Askofu, mwambie bwana wako akale kwa mama yake." Mama huyo alikuwa marehemu miaka mingi. Basi, ikawa ndiyo lugha ya nyumba ile, na mwaka ukapita, na mwingine ukaingia.

Sasa Askofu alikuwa mgonjwa.

Alianza kwa kuacha nyama. Clifford alimkatia vipande vya kuku, akamwekea na maini ambayo zamani angeyapigania, naye akanusa, akageuza uso. Macho yakaingia ndani. Manyoya yakakosa mng'ao. Soksi zikabaki pale zilipovuliwa, na asubuhi Hilda aliziokota, kila moja na mwenzake, akazikunja polepole. Kisha akatoka uani na kumwambia jirani yake Beryl, aliyekuwa akianika nguo ng'ambo ya ukuta, kwamba kile kidudu kinataka kufa, afadhali, kimezidi kunuka.

"Hee, Hilda! Na hayo macho mekundu ni ya nini?" Beryl akauliza.

"Vitunguu."

"Saa hizi za asubuhi? Mnakunywa chai na vitunguu siku hizi?"

"Anika nguo zako, Beryl."

Ukweli ni kwamba Hilda alimpenda yule mnyama kupita kiasi, na angekubali kutembea barabarani na gauni la kulalia kuliko mtu kujua. Kwa miaka mingi alikuwa ametangaza kwa kila mwenye masikio kwamba hampendi. Kumpenda sasa kungekuwa kumpa Clifford ushindi. Kwa hiyo alimpenda kwa siri. Kila asubuhi Clifford alipokwenda kwenye bustani yake ya vitunguu, Hilda alitoa kisahani chake cha maua, akavunjavunja mkate ndani yake, akamwagia maziwa ya uvuguvugu na sukari kidogo. Marehemu baba yake alilisha vicheche wake vivyo hivyo. Babu yake pia. Pale Ackenshaw mkate na maziwa ndicho chakula cha kicheche, na mtoto akiuliza kwa nini, anaambiwa ale na yeye anyamaze. Askofu, aliyekataa maini, alilamba kisahani mpaka maua yakang'aa. Ndiyo sababu Hilda alipomwona anazidi kukonda hakukata tamaa. Aliongeza maziwa.

Kliniki ya wanyama ilikuwa ng'ambo ya mfereji, mwendo wa miguu. Clifford alibeba kikapu. Hilda alifuata nyuma, akimweleza Askofu kupitia matundu ya kikapu kwamba anakwenda kununua uzi tu, na ikiwa duka la uzi liko karibu na kliniki, hilo si kosa lake.

"Jina la mgonjwa?" aliuliza msichana wa mapokezi.

"Askofu," alisema Clifford.

"Askofu nani?"

"Sugden."

Mzee mmoja aliyekuja na kasuku wake akavua kofia.

Daktari alikuwa dada mmoja kijana, Imogen Thwaite, mwenye mikono mipole na macho yasiyokubali upuuzi. Aliugusa ufizi wa Askofu, akauona umekauka na kunata. Akaivuta ngozi ya shingoni kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama pale kama hema dogo.

"Askofu, mwambie bibi yako," Clifford akaropoka, "hatimaye kuna kitu nyumbani kwetu kimesimama."

"Askofu, mwambie huyo mzee nitampiga na mwavuli."

Daktari akawatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akamtazama Askofu, kana kwamba anategemea ajibu. "Mzee," akasema, "huyu amekaukiwa maji vibaya sana. Anakula nini?"

"Nyama," alisema Clifford, kifua mbele. "Kuku, maini, sungura nikipata. Na maji safi. Mimi si kama wale wazee wenzangu wa baa wanaoshikilia mambo ya kale. Kicheche ni mla nyama, daktari. Nawaambia kila siku."

"Na hakuna kingine, mama?"

Hilda akautazama ukuta. "Mimi hata kukigusa sikigusi," akasema.

Daktari akamtia Askofu maji chini ya ngozi, mgongoni, akaonekana ana nundu kama fahali mdogo. Alimlaza hapo kliniki, akamlisha rojo la nyama kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na siku chache baadaye akawarudishia mnyama anayetembea na kuuma vidole. Hilda aliimba njiani, akasema ni kwa sababu ya hali ya hewa.

Nyumbani Askofu akaanza tena kukauka. Alikataa rojo la nyama. Alikunywa kidogo, akaharisha sana. Hilda, kwa huruma, akaacha kisahani cha maua na kuchukua bakuli.

Waliporudi kliniki, Daktari Imogen hakutabasamu. Alivuta ngozi, ngozi ikasimama, na safari hii Clifford hakuwa na utani.

"Nitawaambia wazi," alisema daktari. "Nimempima damu. Figo bado zinajitahidi, lakini akikauka hivi mara nyingine, sitaweza kumrudisha. Linalonishangaza ni moja. Kwangu anakula na kupona. Kwenu anakauka. Kuna ukavu gani huko nyumbani kwenu?"

Clifford alikuwa akichunguza kofia yake kwa bidii. Hilda alihisi uso ukimwaka, maana swali lile lilikuwa na milango miwili, na yote ilifunguka chumbani kwake.

"Nauliza," daktari akaendelea, "kwa sababu kuna watu hapa kwetu ambao mpaka leo wanawapa mkate na maziwa, eti ndiyo desturi. Kicheche mkubwa tumbo lake haliwezi maziwa. Yanamharisha, maji yote yanamtoka. Mkate unamshibisha bila kumlisha, nyama anaikataa. Mtu anadhani anamtibu, kumbe anamuua kwa kijiko."

"Ujinga wa wazee," Clifford akasema, kwa sauti ndogo mno kwa mtu mwenye kifua kile.

Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Lakini huyo ni mtu anayeficha maradhi yake mwenyewe. Hilda alikuwa anaficha ya mwenzake. Alimtazama Askofu juu ya meza, amejilaza ubavu, ile kola yake nyeupe imechafuka kwa rojo, na kijicho kimoja kimefunguliwa kumwangalia yeye. Yeye, si Clifford. Alikuwa anangoja kisahani.

"Mwacheni hapa leo," alisema daktari. "Na nendeni mkafikirie."

Walirudi kwa njia ya mfereji jua likiwa limeinama. Clifford alibeba kikapu kitupu, kikimgonga mguu. Bata walikuwa wakigombana majini. Hilda alitembea kando yake, na kifuani maneno yalikuwa yakisukumana kutoka. Kama angenyamaza, Askofu angerudi nyumbani, yeye angeacha maziwa kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Hilo lilimpendeza mpaka walipofika kwenye lango la kuzuilia maji ya mfereji. Hapo likamjia jambo jingine: je, daktari akishindwa kujua sababu, akamtia Askofu dawa zisizo zake? Akampasua kutafuta ugonjwa usiokuwepo?

Akasimama.

"Askofu," akaanza, kama ilivyokuwa desturi yake, "mwambie huyo mzee..."

Kikapu kilikuwa wazi. Ndani yake palikuwa na kitambaa na soksi moja ya zamani.

Clifford naye alisimama, anakitazama kikapu. Bila mnyama yule katikati yao, walikuwa wazee wawili tu kando ya maji, na Hilda aliona kwamba mumewe alikuwa amekonda pia, na kola ya koti lake ilikuwa imegeuka ndani bila mtu wa kumwambia. Aliogopa. Alielewa jinsi nyumba ile itakavyokuwa ikiwa kikapu hiki kitabaki kitupu, chai ikipoa na hakuna wa kupeleka habari.

"Clifford," akasema.

Mzee alishtuka kama mtu aliyeitwa na polisi. Alikuwa amesahau jinsi jina lake linavyosikika mdomoni mwa mkewe.

"Clifford, ni mimi. Mimi ndiye nampa maziwa. Mkate na maziwa, kila asubuhi ukiwa bustanini. Na sukari. Nilidhani namsaidia." Akaitazama ile soksi. "Nampenda yule mnuka mbaya. Haya, cheka."

Clifford hakucheka. Aliweka kikapu chini na kuvua kofia.

"Asubuhi?" akauliza.

"Asubuhi."

"Kwenye nini?"

"Kisahani cha maua. Halafu bakuli."

"Mimi jioni," alisema Clifford. "Ukitoka kwenda kwa Beryl. Kwenye kifuniko cha birika."

Hilda akamtazama. "Wewe? Wewe unayewahutubia watu baa nzima? Kicheche ni mla nyama?"

"Baba yangu aliwapa maziwa. Nilimwona hali nyama, roho ikaniuma. Ningewaambiaje wale wazee?"

"Kumbe yule mtoto anakunywa maziwa asubuhi na jioni kama ndama!"

"Kama ndama, Hilda."

"Na nilikuwa najiuliza kwa nini kifuniko cha birika kinanuka!"

"Na mimi kwa nini maziwa yanaisha. Nilidhani unaoga nayo."

Hapo wakacheka, cheko baya la wazee, la kukohoa na kushikana mikono ili wasianguke mferejini, na katikati ya kicheko hicho Hilda alilia bila kujificha. Walipotulia, Clifford alikunja kofia, akaikunjua, akaikunja tena.

"Maadamu tunasema ukweli," akasema, "pudingi za mama zilikuwa hazisimami."

"Nini?"

"Zilikuwa ngumu kama kisigino cha buti. Baba alikuwa akimpa mbwa, naye mbwa alikuwa akienda kuzifukia. Sijui kwa nini nilisema vile. Dada yako alikuwa ananitazama, nikataka kuonekana mjuzi."

"Mwaka na nusu, Clifford."

"Najua."

"Mwaka na nusu ulikuwa na hilo mfukoni!"

"Hukuniuliza," alisema mzee kwa unyenyekevu. "Na Askofu naye hakuniuliza."

Hilda alinyoosha mkono, akairekebisha kola ya koti lake. "Geuka," akasema. "Tunarudi kumwambia daktari. Na wewe ndiye utakayeanza."

Walianza pamoja, wote wawili kwa mpigo mmoja, hata daktari akalazimika kuwanyamazisha na kuwasikiliza kwa zamu. Hakuwagombeza. Alisema tu kwamba katika kazi yake hajawahi kuona mgonjwa aliyependwa mpaka akakaribia kufa, kisha akafuta alichokuwa ameandika kuhusu kumpasua.

Ilichukua muda. Askofu aligomea nyama kwa hasira ya mlevi aliyefungiwa baa, na Hilda alimlisha rojo kwa bomba, amemfunga taulo, hadharani, mchana kweupe, mbele ya Beryl aliyekuja maalumu kushuhudia.

"Leo hakuna vitunguu?" Beryl aliuliza.

"Shika huo mkia wake, na mdomo wako nao uushike, ukae chini," alijibu Hilda.

Siku moja ngozi ilivutwa, ikarudi mahali pake upesi. Soksi zikaanza kupotea, na Hilda, alipoona mguu mmoja wa soksi hauna mwenzake, aliketi kitandani akamshukuru Mungu.

Jumapili iliyofuata alipika pudingi. Ililala. Clifford akaitazama, akamtazama mkewe.

"Hilda," akasema, "imelala."

"Naiona. Macho ninayo."

"Niongezee."

Akamwongezea. Kisha akachukua sufuria ndogo ya maini jikoni, akamkabidhi mumewe, akiwa amesimama karibu naye kuliko ilivyohitajika.

"Clifford," akasema, "mwambie Askofu chakula chake kiko tayari."