Programu Bubu ya Zahanati

Hiyo ilikuwa mara ya tatu Tabby kutoka Litein kwenda Sotik kwa tatizo lile lile, na kabla hajaketi Monicah alishaanza.

"Tabby, hii kitu yako ni bubu. Tangu asubuhi naita wagonjwa na mdomo yangu."

Monicah alikuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati. Programu aliyoandikiwa na Tabby ilipaswa kuwaita wagonjwa yenyewe kupitia spika. Nambari zilionekana vizuri kwenye skrini, ila sauti haikutoka mpaka mtu abofye mahali.

"Si ubofye tu mara moja, madam?"

"Nibofye nini? Ulisema inajiendesha." Akageukia benchi. "Thelathini na nane!"

Tabby akauma meno. Ndani ya programu ile mlikuwa na kivinjari, kile cha kufungulia kurasa za mtandao, na vivinjari vya siku hizi hukataa kutoa sauti kabla ya mtu kugusa kitu. Dawa aliijua: swichi iitwayo autoplay-policy, amri ya mstari mmoja ambayo kivinjari hupewa kinapowashwa. Alikuwa ameiweka. Kule Litein ilifanya kazi kila siku!

Akafungua laptopu yake, akawasha programu, kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kujaribia. Akakizuia kidole hewani. Kumbe kila siku alikuwa akibofya, na mbofyo huo ndio ulioruhusu sauti. Swichi haikuwa imefanya kazi hata siku moja.

"Mjinga mimi," akasema kwa sauti.

"Nani?" akauliza Monicah.

Akashuka kwenye msimbo wa programu, mstari baada ya mstari, hadi akaikuta ile swichi. Alikuwa ameiandika chini, mahali panaposomwa programu ikiwa tayari imeamka. Kivinjari kilikuwa kinaletewa amri baada ya kuanza kazi. Wiki mbili na nauli yote ile, kwa mstari mmoja! Akaupandisha juu kabisa, akaweka toleo jipya kwenye kompyuta ya zahanati, akaizima na kuiwasha.

"Usiguse kipanya, madam. Tafadhali."

"Sijagusa!"

Wakangoja. Kisha spika ikanguruma: "Nambari arobaini na mbili, chumba cha pili." Mzee mmoja akaruka kutoka kwenye benchi, kadi ikamdondoka.

Monicah akakunja uso. "Na huyu mwanamke mbona anaongea kama amekasirikia watu?"

"Ni mimi nilirekodi."

"Basi rekodi tena. Hawa ni wagonjwa."

Tabby akatoa simu, akatafuta kona isiyo na kelele.