Mama Godoro na Nusu Kidonge

Asubuhi hiyo Mama Godoro alikuwa amelala chali katikati ya karakana yake, juu ya godoro la mteja, mikono tumboni, anahesabu. Ndiyo kazi yenyewe. Kwenye karakana ile godoro halitoki mlangoni mpaka fundi mwenyewe amelilalia na kuhesabu hadi mia, ajue sufi imetulia wapi na wapi imejikusanya donge. Penye donge anapafumua, anapapanga, anapashona upya kwa ile sindano yake ndefu kama mkono wa mtoto, halafu anajilaza tena na kuanza moja.

Alifika thelathini na nane. Thelathini na tisa hakuna aliyeisikia.

Wifi yake, ambaye walikuwa wanaishi naye na kufanya kazi pamoja, alikuwa kwenye kona anachambua sufi, kitambaa kimemziba pua na mdomo. Aliposikia mkoromo alikishusha kitambaa na kutazama saa ya ukutani. Saa tatu asubuhi.

"Usiku kucha anazunguka nyumba kama mlinzi," akamwambia mteja aliyekuwa amesimama mlangoni. "Kukicha, analala juu ya mali ya watu."

Mteja alikuwa mfamasia wa mtaa wa pili, kijana mpole wa miwani, amekuja kuchukua godoro lake. Na ndiye huyohuyo aliyekuwa anampa Mama Godoro dawa za usingizi alizoandikiwa na daktari. Basi akabaki pale anamtazama mgonjwa wake anavyolikoromea godoro lake, hajui afurahi au aondoke kimyakimya.

Ilikuwa mwaka wa nne Mama Godoro halali usiku. Mtaa mzima ulikuwa unalalia magodoro yake na kuota ndoto nzuri, yeye mwenyewe hapati hata lepe. Daktari alimjaribishia dawa ya kwanza, ikamkausha mdomo mpaka akasema anahisi amemeza sufi. Akalala kwa saa moja tu, akanywa jagi zima la maji, akashinda njia ya chooni. Dawa ya pili ilimlaza kweli, ila ilimlaza akiwa anatembea. Asubuhi moja walikuta mito minne mezani, imejazwa na kushonwa, na hakuna anayekumbuka kuishona. Wifi aliikagua akasema mishono imenyooka kuliko ya mchana, tena aliomba dawa ile iendelee angalau mpaka oda za mwezi ziishe. Daktari akakataa. Sasa walikuwa kwenye ya tatu, nusu kidonge cheupe, siku ya kumi na mbili, na hakuna kitu.

Na safari hii ilikuwa lazima kiwepo kitu. Binti yake pekee alikuwa amejifungua mjukuu wa kwanza, na mwisho wa mwezi anarudi kazini. Alikuwa amesema kwenye simu, taratibu, maana anamjua mama yake:

"Mama, mtu ninayemtaka aje kukaa na mtoto ni wewe. Lakini wewe hulali. Utasinzia naye mkononi, nitafanyaje? Nikiona umeanza kulala, njoo. Usipoweza, atakuja mama mkwe."

Mama mkwe! Mama Godoro alilishika neno hilo kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Yule bibi mwenzie walikuwa hawasemezani tangu siku alipolalia godoro ambalo Mama Godoro alimshonea binti yake zawadi ya harusi, akatoka chumbani asubuhi na kutangaza mbele ya wageni kwamba lina matuta kama shamba la viazi.

Mfamasia akakohoa kidogo. Mama Godoro akafungua macho.

"Thelathini na tisa," akasema. Halafu akaona miwani. "Mwanangu, umefika saa ngapi?"

"Muda tu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Godoro lako halina donge, hilo nakuhakikishia. Ila dawa yako hiyo haina maana."

"Mbona naona inafanya kazi vizuri sana," mfamasia akasema. "Jana uliimeza saa ngapi?"

"Kama kawaida. Kumi na moja."

"Kumi na moja jioni?"

"Alfajiri, mwanangu. Jioni nifanye nini nayo?"

Wifi akaacha kuchambua.

Mama Godoro akaeleza bila haya yoyote, kama anavyomweleza mwanafunzi kazi. Yeye hakati kitambaa kipya kabla hajahakikisha kwamba vipande vya zamani havitoshi. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo anavyofanya. Kwa hiyo usiku anajilaza kwanza, anausubiri usingizi uje wenyewe. Anaupa nafasi. Saa tano, saa saba, saa tisa. Ukishindwa kabisa mpaka jogoo wa jirani anaanza kelele, ndipo anafungua dawa.

Mfamasia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Pengine hakuwa anataka kucheka mbele ya mama mtu mzima.

"Mama, umekesha siku kumi na mbili unaibania dawa. Leo saa tatu usiku, umeze nusu yako, upande kitandani. Simu ibaki sebuleni. Ikipita saa sita hujameza, iache, usimeze tena. Na mimi nitampigia daktari nimwambie."

"Na kama usingizi ungekuja wenyewe?"

"Utakukuta umeshalala."

Wifi ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Siku kumi na mbili nasikia mlango wa jiko ukifunguliwa na kufungwa! Wifi yangu, hata usingizi unaukatia vipande?"

"Funga mdomo, sufi itakuingia."

Usiku wa kwanza alilala kwa saa tano nzima. Aliamka akajishika uso kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibwa. Usiku wa pili hakupata chochote, akalala akitazama dari na kuitukana dawa, mfamasia na jogoo. Wa tatu saa sita. Wa nne saa sita na nusu, na asubuhi hiyo alihesabu hadi mia juu ya magodoro matatu bila kupepesa macho, akaimba, akamwita wifi yake "mrembo", jambo ambalo lilimtia wifi wasiwasi.

"Jana usiku ulisikia?" wifi akauliza, anapima uzi.

"Nisikie nini?"

"Rafu ya jikoni imeanguka. Sufuria zote. Majirani wametoka na tochi. Nimekuja mpaka mlangoni kwako nakuita, wewe fofofo."

Mama Godoro akacheka, akapiga makofi. Wifi naye akacheka. Kisha kicheko cha Mama Godoro kikakatika katikati.

"Na mtoto akilia?"

Wifi akauweka uzi chini.

Alikwenda duka la dawa na aproni yake vilevile, nyuzi zimemganda mabegani. Mfamasia alimsikiliza, akasema usiku wa dawa asibaki peke yake na mtoto mchanga, lazima awepo mtu mwingine wa kuamka. Na bintiye je? Bintiye anaingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, naye anahitaji kulala.

Njia nzima ya kurudi alinuna. Alipofika mlangoni alikuwa ameshaacha.

"Yule bibi mwenzangu," akamwambia wifi, "wanasema analala saa mbili usiku kama kuku, halafu saa nane yuko macho anatafuta wa kuongea naye."

"Usiniambie."

"Leta simu yangu."

"Aliyesema shamba la viazi?"

"Leta simu, wifi."

Aliandika kwa kidole kimoja, anafuta, anaandika. Wifi alikuwa anasoma begani kwake na kumpunguzia maneno makali. Mwisho ikabaki hivi:

*Shikamoo mwenzangu. Dawa imenikubali, sasa usiku nalala, hata mzinga hausikiki. Kwa hiyo mchana mtoto ni wangu, usiku naomba awe wako. Twende wote. Godoro lako nitakushonea jipya, ulilalie mwenyewe, uhesabu mpaka mia, uniambie.*

Akaituma.

Alama mbili zikageuka rangi kabla hajaiweka simu chini, maana yake imesomwa. Wakasubiri. Wifi akarudi kwenye sufi. Mchana ukapita, chakula cha jioni kikapita, simu kimya. Saa tatu usiku Mama Godoro akaitazama mara moja tu, akaiacha mezani sebuleni, akamwambia wifi, "Atajibu saa nane, akikosa wa kuongea naye," akameza nusu yake, akaenda kulala.