Ubaridi Unaotuama Ghalani

Wafanyakazi wote wanatangaziwa kwamba ni marufuku kuota ndoto wakati wa kazi katika ghala la chini. Atakayelazimika kusinzia afanye hivyo kwa kiasi.

Mlengwa wa tangazo hilo, mtunza ghala la nyaraka, alilisoma kwa miwani, akausifu mwandiko wake, kisha akashuka ngazi kwenda kulala. Kila baada ya chakula cha mchana alitandika mkeka sakafuni kati ya rafu mbili. Haukupita muda, majalada yakaanza kuelea taratibu mithili ya manyoya, na marehemu mumewe akaja na shati lake jeupe. Alifungua kinywa kusema jambo. Hakuwahi kulimaliza.

Jengo hilo lilikuwa na desturi yake. Viyoyozi vilipopoteza ubaridi, fundi aliitwa kuongeza gesi. Vilipopoteza tena, akaitwa tena. Hakuna aliyeuliza ile ya kwanza ilikwenda wapi. Ilidhaniwa imetumika, kama sukari. Gesi ya kiyoyozi haitumiki. Huzunguka mabombani ikichemka kuwa mvuke na kubanwa kuwa kimiminika, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, ujue imetoroka. Ikitoroka haipandi. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu ya kumshtua mtu. Hutafuta mahali pa chini ikatuama, ikaifukuza hewa ya kuvuta.

Safari hii aliitwa fundi mpya, mtoto wa kaka yake mtunza ghala. Alilifuata bomba huku akipaka povu la sabuni kila penye maungio. Kwenye nati moja ndani ya ghala, povu lilivimba, likapasuka, likavimba tena, kana kwamba ukuta ulikuwa unapumua. Chini yake alilala shangazi yake, akitabasamu, midomo imegeuka kijivu.

Fundi alibana pumzi, akambeba hadi uani.

"Shangazi! Amka, shangazi!"

Shangazi alikohoa, akafumbua jicho moja. "We mtoto huna adabu. Marehemu ndiyo kwanza alikuwa anafungua mdomo."

"Hiyo ni gesi. Ulikuwa unamfuata huko huko aliko."

"Kwani nimekuomba nauli?"

"Usishuke tena mpaka nizibe."

"Nitashuka. Na kesho nalala kifudifudi, nimsikie vizuri."

Fundi akapanda kwa mkurugenzi, ambaye kiyoyozi chake kilikuwa bado kikali, naye amejifunga skafu. Akamweleza kwamba mitambo izimwe siku mbili, gesi iliyobaki ivutwe na kuhifadhiwa mtungini badala ya kuachiwa hewani, na kiungo kile kikatwe, kiunganishwe upya.

"Na joto je?"

"Mtavumilia, mheshimiwa."

"Fundi, una utani. Wenzako wote walikuwa wanaongeza tu, na hakuna aliyekufa."

"Bado, mheshimiwa."

Kamati ilikaa alasiri hiyo hiyo. Dirishani shangazi alionekana akiukung'uta mkeka kwa upole, kama mtu anayemtandikia mgeni. Kisha hati ikasomwa:

"Uongozi umeamua kwamba gesi iongezwe kila Jumatatu, tangazo la awali lishushwe hadi usawa wa sakafu, ili lisomwe na aliyelala, na ufunguo wa ghala uendelee kukaa kwa mtunza ghala."