Lainisha Sauti

Fundi mitambo alirudisha picha nyuma kwa mara ya nne, na mtia sauti akavaa tena hedifoni, macho kwenye midomo ya dada wa filamu. Kazi yake ilikuwa kumsemea kwa Kiswahili: afungue kinywa dada anapofungua, afunge anapofunga. Chumba kilizibwa kwa magodoro ukutani, joto halisemeki. Asubuhi mwenye studio alimwambia wazi kwamba filamu hii ndiyo itakayoamua kama atabaki kazini.

Filamu yenyewe eti ya mapenzi na vichekesho. Kaka ameficha barua ya kazi ya dada huyo, mchumba wake, ili asihamie mji mwingine. Siri imefichuka, dada amelia, kisha kaka kamfuata kituoni na maua, kapiga magoti, abiria wanashangilia. Hapo dada anatakiwa kusema, "Ulificha kwa sababu unanipenda." Upuuzi mtupu.

Mtia sauti naye aliwahi kuitwa chuo cha uuguzi. Barua aliikuta kwenye koti la mumewe, wiki mbili baada ya usajili kufungwa. Mume alipiga magoti sebuleni mbele ya ndugu, wakampigia makofi, na shangazi akafuta machozi, akasema wanaume wa hivyo hawapatikani siku hizi. Yeye aliyenuna ndiye aliyeonekana ana roho mbaya. Mpaka leo akikumbuka makofi yale, damu inamchemka.

Mwenye studio alichungulia mlangoni.

"Dada yangu, mbona kama unasoma tangazo la msiba? Lainisha. Mwanamke akipendwa hivyo anayeyuka."

"Huyu ameibiwa, bosi."

"Ameibiwa nini? Watu wanataka kucheka, waende zao."

Picha ikaanza. Dada wa filamu akafungua kinywa, na mtia sauti akamsemea taratibu, bila kutetemeka: "Hukuwa na haki. Barua ni yangu."

Mwenye studio hakufoka. Alimwita tu binti wa mapokezi, akamkalisha kwenye kiti kilekile. Binti hakuhitaji hata karatasi. Maneno ya namna ile ameyasikia tangu utotoni. Alisema, "Ulificha kwa sababu unanipenda," mara moja tu, kwa sauti tamu, na mwenye studio akacheka kwa raha.

Mtia sauti akachukua mkoba wake. Fundi mitambo akamnong'oneza kwamba sauti yake ndiyo iliyokaa sawasawa na midomo.

"Basi iache," akamwambia.

Fundi akamtazama bosi, kisha akaifuta.