Alama kwenye Paji la Uso

Kwetu Usukuma, mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Watu wanaiita heshima. Mimi siku hizi nikilisikia neno hilo damu inanichemka.

Mama yangu, Ng'washi, alikuwa bibi kizee, mifupa mitupu, lakini alikataa katakata kubaki nyumbani siku ya kupandishwa bendera ya Uhuru.

"Niliwaona Wajerumani wakiondoka," alisema, "na hawa Waingereza nitawaona." Akapanda lori la pamba pamoja na vijana kwenda Mwanza.

Lori lilipinduka kabla ya kufika Kisesa. Mama akavunjika paja.

Wasamaria wema walimleta kwenye zahanati yetu kwa mkokoteni wa ng'ombe, wakamlaza kitandani, wakarudi mbio kuwafuata majeruhi wengine. Wafanyakazi wote walikuwa wamekwenda kwenye sherehe. Dresa, msaidizi wa tabibu, aliyebaki alikuwa mmoja tu: Shimba, mume wangu. Nilipofika nilimkuta amesimama mlangoni, amempa mama mgongo, na mama amejifunika khanga gubigubi tangu aliposikia sauti yake.

"Mama Mayala," aliniambia, "muulize mama kama huko njiani amepewa dawa yoyote."

Nikainama. "Mayu, umepewa dawa?"

"Mwambie mumeo asinitazame." Ulimi wake ulikuwa mzito.

Nikauliza tena. Akarudia hayo hayo. Nikajaribu kuivuta khanga, naye akalia utadhani namvua nguo sokoni.

"Mwache," alisema Shimba. "Usimwaibishe."

Ilimpasa amtazame macho, aone kama kuna dawa mwilini, kabla ya kumpa dawa kali. Alilijua hilo, ndiyo kazi aliyosomea. Lakini kuunyoosha mguu uliovunjika hivi hivi ni kumtesa mtu, naye hakutaka mama ateseke. Akavuta kwenye sindano mofini ya kutuliza maumivu, nusu ya kipimo, maana mzee hachomwi sindano ya kijana. Mwangalifu sana mume wangu! Akaingia, uso kaugeuzia ukutani. Nikautoa mkono mmoja wa mama nje ya khanga, akachoma, kisha akaufunga mguu kwa vibao.

Mama akaanza kukoroma. Nikamshukuru Mungu kwamba amepumzika. Baadaye mikoromo ikawa ya kuachana, halafu sikuisikia tena. Shimba alimkandamiza kifua, bila kuifunua khanga usoni, mpaka jasho likamtiririka. Haikusaidia.

Jua lilikuwa halijatua alipoingia Sista Teodora wa misheni, na gari la kuwapeleka majeruhi Mwanza.

"Yule bibi wa paja yuko wapi?" aliuliza. "Mimi ndiye niliyemkuta barabarani. Nilimchoma mofini, nikamwandika herufi M kwenye paji la uso, ili asije akachomwa tena ikamzidi. Mmeiona alama?"

Niliifunua khanga. Herufi ilikuwepo, ya dawa ya zambarau, kubwa, imeandikwa vizuri kabisa.

Ndipo Shimba alipogeuka. Tangu anioe hakuwahi kuuona uso wa mama yangu. Sasa aliinama akautazama kwa karibu, asiweze kuondoa macho. Nilimhurumia na nilimchukia kwa wakati mmoja.

Nikaivuta khanga nikamfunika mama.

"Alikwambia usimtazame," nikamwambia.