Siku Cherehani Ilipofichwa

"Mama Nchagwa, hivi huyo mteja wako ana sura?"

Beatrice, jirani, aliuliza hivyo siku moja akiwa ameegemea mlango anatafuna muwa, na Mokami akacheka mpaka akasimamisha cherehani. Lakini swali halikuwa la kijinga. Mwaka mzima Mokami alikuwa anawashonea sare wafanyakazi wa kambi moja ya watalii, akiwa nyumbani kwake hapohapo Natta, na hajaonana na mtu wa kambi hata mmoja. Vipimo vilikuja kwa simu. Kitambaa kilikuja na basi, kimefungwa kwenye mfuko wa salfeti. Akimaliza kushona anafunga, anaandika jina la kambi juu ya mfuko, anamkabidhi kondakta. Yule aliyempa kazi, Bi Maua, afisa ununuzi, alikuwa sauti tu: "Mama, mikono iongeze inchi moja. Mama, zimefika, Mungu akubariki."

"Sura anayo," Mokami alijibu. "Ila kwenye wasapu kaweka picha ya paka."

"Basi wewe unamshonea paka," Beatrice akasema, akatema makapi ya muwa.

Wiki mbili baadaye paka akatuma ujumbe wa sauti. Alikuwa anakuja Natta Alhamisi, waonane uso kwa uso. Akiridhika, sare zote za mwaka ujao, za kambi zao tatu, angezishona Mokami.

Mokami aliusikiliza ujumbe mara tatu, akafanya ishara ya msalaba. Tangu azikwe mumewe, baba Nchagwa, miaka sita sasa, kila msimu wa kulima ulimkuta kwa shemeji yake Waitara, kaka mkubwa wa marehemu, akiomba ng'ombe wa plau. Hakunyimwa hata siku moja. Ila ng'ombe walikuja pamoja na hotuba, na hotuba ilikuwa ndefu kuliko shamba lenyewe. Kazi ya mwaka mzima ingemtosha kukodi plau yake na kukaa kwake kimya, amheshimu shemeji bila kumwomba.

Beatrice ndiye aliyejipa ukamanda wa maandalizi.

"Utampokelea wapi? Humu kwenye matambara?"

Ni kweli sebule ilikuwa na hali yake. Cherehani dirishani, sare zimening'inia kwenye misumari, mabaki ya vitambaa chini ya meza, nyuzi sakafuni kila rangi.

"Lakini anakuja kwa ajili ya hayo matambara," Mokami akasema.

"Anakuja kwako. Mgeni akija kwako, jembe unalisimamisha katikati ya nyumba? Tuhamishe."

Wakahamisha. Cherehani, mkasi, pasi ya mkaa, vitambaa, vyote vikaingia stoo ya Beatrice. Sebule ikapigwa deki, yakaletwa makochi ya kuazima, kila kochi likavikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Kuku Mokami alimpeleka mwenyewe kwa mzee Athuman wa dukani akamchinje, maana jina la mgeni lilimwambia mapema kuwa ni Mwislamu. Beatrice akafunga stoo, akamwambia, "Sasa hapa panafanana na nyumba ya mtu," kisha Alhamisi asubuhi akapanda gari kwenda Mugumu kumpeleka mjukuu kliniki. Ufunguo wa stoo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la khanga yake.

Waitara aliambiwa na Mokami mwenyewe. Mgeni wa jambo zito hawezi kuja kwenye mji uliofiwa na mwenyewe halafu kaka wa marehemu asikie kwa watu, hiyo ingekuwa kesi ya kukaliwa kikao na wazee. Siku yenyewe akafika mapema, kavaa koti, fimbo mkononi, kigoda chake cha miguu mitatu begani. Waitara hakuwahi kukalia kiti cha mtu. Akakipita kila kochi, akaweka kigoda katikati ya sebule, akakaa.

Gari likaingia saa nne. Bi Maua kumbe alikuwa binti mdogo tu, kajifunga mtandio, ana mwendo wa haraka. Nyuma yake dereva, Ashrafu, mrefu, shati la kaki. Wakamwamkia mzee shikamoo, wakanawa, wakala, wakausifu ugali. Mokami akaona mambo yanakwenda. Ila macho ya Maua hayakutulia. Yalipita ukutani, yakapita dirishani, yakarudi sakafuni palipokuwa panang'aa.

"Mama, kwako pazuri," akasema. "Sasa kazi unafanyia wapi?"

Mokami akafungua mdomo ajibu.

"Kazi!" Waitara akadakia. "Binti yangu, huyu shemeji yangu hasumbuki na cherehani. Ana mafundi wanne chini yake. Yeye ni kuagiza tu."

Alikuwa anaipandisha heshima ya mji wa mdogo wake, na alitabasamu kama mtu aliyelenga shabaha. Maua akaweka kikombe chini, taratibu.

"Mzee, hapo ndipo tulipoumia," akasema. "Kabla ya mama, kuna mtu alituambia ni fundi. Kumbe anachukua kazi, anagawa kwa watu asiowajua. Mhudumu wetu akawapelekea wageni chakula, mkono mmoja wa shati umefika kwenye kiwiko, wa pili umefunika vidole. Bosi akasema kuanzia sasa tumwone fundi na tuone anaposhonea." Akamgeukia Mokami. "Mama, niambie kweli. Unashona wewe?"

Katika ukoo ule hapakuwa na mtu wa kumwambia Waitara mbele ya wageni kwamba kakosea. Hata wake zake walikuwa wanakohoa tu. Mokami akamtazama, akatazama sakafu aliyoipiga deki mwenyewe, akamwomba Mungu maneno machache.

"Shemeji kakosea," akasema. "Fundi ni mimi, peke yangu. Cherehani nimeificha kwa jirani ili nyumba ipendeze."

Ashrafu akacheka kwa puani. Waitara akaikaza fimbo yake.

"Basi twende tukaione," Maua akasema.

"Jirani kaenda Mugumu."

"Ufunguo?"

"Kaenda nao."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, Mokami akaona yananuka uongo. Maua alikuwa anaukusanya mkoba wake, kwa adabu, kama mtu anayetafuta namna ya kuaga bila kuumiza. Ashrafu akasimama kumfungulia njia, na hapo Mokami akaliona lile shati vizuri.

"Kijana, ngoja. Hilo shati nimelishona mimi."

"Mama, mashati ya kaki ni mengi," Maua akasema.

"Geuza mfuko wa kifuani. Ndani, kona ya chini, kuna mishono mitatu ya uzi mwekundu."

Ashrafu akautazama mfuko wake kana kwamba umemsengenya. Akaugeuza. Kikaanguka kijiti cha meno. Kisha yeye na Maua wakainamisha vichwa pamoja, na mishono ilikuwepo, mitatu, midogo kama punje za ulezi.

"Na shati langu jingine liko hivihivi," Ashrafu akasema polepole. "Nilidhani uzi uliwaishia. Ni ya nini, mama?"

"Mfuko unaanza kuchanika kwenye kona. Naikaza." Mokami akaona haya kidogo, maana hilo hakuwahi kumwambia mtu. "Halafu naombea. Baba, Mwana, Roho Mtakatifu, mshono kwa mshono, aliyevaa arudi kwao mzima. Mnakofanya kazi kuna wanyama."

Kuku mmoja wa nje akachungulia mlangoni, akaghairi.

"Mwezi wa sita tembo alitukimbiza mpaka mtoni," Ashrafu akasema. "Mama, dua ni dua. Usinifumulie hata mmoja."

Maua akaangua kicheko, akakaa tena. "Jirani akirudi unitumie picha ya cherehani," akasema, "na nyumba ikiwa imechafuka kama kawaida yake. Huu usafi ulinitisha." Akatoa karatasi za mkataba na kalamu, akazilaza mezani.

Waitara akanyoosha mkono. "Lete. Katika mji huu anayeweka sahihi ni mimi."

Maua hakumpa. Akamtazama Mokami.

"Shemeji," Mokami akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa anaombea ng'ombe, "umenisaidia kupokea wageni, na nimeshukuru. Hapa wanataka jina la fundi."

Akachukua kalamu. Akaandika kwa mwandiko wa darasa la saba, herufi baada ya herufi, bila haraka, na hakuinua kichwa mpaka alipomaliza.

Waitara aliangalia lile jina. Akaangalia bakuli, ambamo lilikuwa limebaki paja moja la kuku, akalichukua. Kisha akasimama, akakitweka kigoda chake begani, akainama kwenye mlango, akatoka.